Majani Yakiishi Hadi Krismasi

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Mgeni wa heshima huja na sukari. Wengine huja na mkate, wengine na pakiti ya majani ya chai, jambo la kipuuzi katika nyumba ya mkulima wa chai, lakini tunapokea na kushukuru. Leo hapa kwangu, juu ya Kiptere, ameingia kijana aliyebeba sanduku la kioo, gunia la mchanga wa mto na majani mabichi yaliyofungwa ndani ya gazeti lililolowa.

Anaitwa Bosire. Ni ofisa wa idara ya samaki, hukagua mabwawa ya wakulima. Baba yake ni Mochama, Mkisii mwenye kinu cha posho upande wa Fort Ternan. Binti yangu Cheptoo, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sasa yuko kwenye mgomo (mgomo wa haki, nimeuandikia barua mbili gazetini), anataka kuolewa naye.

"Hii ni ya kufuga samaki, Mzee," kijana akasema. "Lakini zaidi ni ya majani. Samaki ni wapangaji tu. Majani ndiyo yanaweka maji safi."

Kaka yangu Kipkemoi, aliyekuja kunusa mambo, akauliza, "Kwani kwenu mashamba yameisha, mpaka mnapanda chini ya maji?"

Bosire akacheka kwa moyo mweupe. Hilo liliniudhi. Mtu akichokozwa akasirike, ndipo mazungumzo yaanze.

Chai ilipomiminwa, Cheptoo alisema kwamba wazee wa upande wa Bosire wangependa kuja Januari kwa koito, ile siku ya kuketi na kuomba msichana. Kila mtu akanitazama. Nikasema, "Majani haya yakiishi humu ndani mpaka Krismasi, waje. Yakifa, tuachane kwa amani." Kipkemoi alicheka mpaka chai ikamwagika. Mke wangu Rebeccah hakucheka.

"Baba Cheptoo, umetoa neno."

"Ni mzaha."

"Umelisema mbele ya mgeni, chai ikiwa mezani, na ni habari ya msichana. Hilo ni neno."

Kwetu ni hivyo. Baba akisema juu ya binti yake wakati mgeni ameshika kikombe, hawezi kulirudisha. Nimeandika dhidi ya mila nyingi katika maisha yangu. Hii nilisahau kuiandikia.


Jumapili, 5 Oktoba

Tumepanda. Nilimuuliza kijana kwa nini amechagua haya na si mengine, maana ofisa wa serikali asiyeulizwa huharibika. Alijibu vizuri. Kwangu kuna dirisha moja la mashariki na mawingu mengi. Yale majani mekundu wanayouza Nairobi hutaka mwanga mkali, yangekonda na kufa. Kwa hiyo ameleta ya aina nne yasiyolilia jua. Majina yake ya kitaalamu yalinipita, nimeyapa yangu.

Utepe ni mrefu, mwembamba, hutambaza watoto chini ya mchanga. Kahawia lina rangi ya chai yenye maziwa kidogo. Mkia wa Mbweha huelea tu, hauna mzizi. Jani Gumu halizikwi kabisa. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au mti, kwa sababu shina lake likifunikwa na mchanga huoza. Mmea usiopandwa ardhini. Nilimwambia huo ni uvivu, akasema hapana, ni tabia yake.

Nilimuuliza pia kwa nini hakuleta lile gugu maji lenye ua zuri linalofunga ziwa huko Kisumu. Akashtuka kweli. "Hilo hapana, Mzee. Hilo silibebi hata mfukoni." Hapo nilimheshimu kidogo, nikanyamaza asijue.

Mimi nilitoa mti: mzizi wa chai kuukuu tuliong'oa safu ya juu. Bosire akasema utafaa, hauna madhara. Jani Gumu tukalifunga hapo kwa uzi wa Rebeccah wa kushonea.


Jumanne, 14 Oktoba

Maji yamekuwa chai ya rangi. Hauna madhara, alisema ofisa. Rebeccah amechungulia akauliza kama aongeze maziwa. Nimeuchemsha mzizi katika sufuria yake ya ugali, na sasa yeye na mimi hatuongei.


Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Watu wa hali ya hewa wameipa jina la kigeni, na tangu ipate jina imekosa adabu.


Jumamosi, 25 Oktoba

Kahawia limeoza. Majani yamelegea, yamekuwa kama mboga iliyosahauliwa mekoni, na harufu ni hiyo hiyo. Nimelima chai tangu niache kufundisha. Mche ukifa shambani unaung'oa siku hiyo hiyo na kuziba pengo, usipofanya hivyo magugu yanakaa pale. Nikang'oa Kahawia lote, nikalitupa nje ya dirisha, mvua ikalichukua.

Bosire alipofika alasiri, akileta samaki wadogo kwenye kopo, alitazama mchanga mtupu, akakuna shavu.

"Halikuwa limekufa, Mzee. Likihamishiwa maji mageni huwa linayeyuka. Mzizi unabaki, majani yanarudi pole pole."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Sikufikiri mtu angeling'oa."

"Mtu wa chai anang'oa."

"Mimi si mtu wa chai," akasema, naye akaonekana kujuta kwa kulisema.

Nilimthibitishia kwa muda mrefu kwamba mmea usio na jani hata moja ni mfu kwa kipimo chochote cha akili. Alikubali mwishowe. Nilishinda. Kahawia halipo.


Jumapili, 26 Oktoba

Mchungaji Gibson amepita baada ya ibada, akatazama kioo kwa muda, akaanza, "Mwalimu, huoni kwamba mmea huu uliotoka mbali na kupandwa katika maji yetu ni mfano wa..." Nikamkatiza. Nilimwambia mmea ni mmea, na kama anataka mfano atafute nyumbani kwake. Rebeccah ameniambia nimetukana mtumishi wa Mungu. Yaelekea ni kweli.


Jumamosi, 1 Novemba

Nijaribu kuandika wazi, humu hakuna mhariri.

Sitaki Cheptoo aolewe na Bosire. Sababu sijui.

Si kabila. Nimeandika magazetini kwa miaka mingi kwamba kabila si ukuta kati ya kijana na msichana, na mwaka wa tisini na tatu, baada ya yale mabaya ya kura iliyopita, watu walipochomewa nyumba kwa kabila lao, niliandika wakati wengine wote hapa walikuwa wamefunga midomo na milango. Nilipoteza marafiki kwa barua ile. Basi si kabila.

Labda ni kazi yake? Ana mshahara na hanywi. Labda ni tabia? Kijana ana adabu kuliko wapwa zangu wote. Labda ni kwamba binti akiolewa nyumba inabaki na mimi na Rebeccah na sufuria ile. Lakini mwalimu mwenzake Cheptoo alipomletea posa mwaka juzi, mtu wa hapa hapa Kiptere, mlevi tena, nilisema nitafikiri. Huyo nilikuwa tayari kumfikiria.

Nimeandika mstari huo kisha nikakaa nikiutazama. Halafu nimekwenda kutazama Utepe. Una mtoto mmoja, jani jembamba kama sindano, mbali na mama yake. Nilifurahi kumwona, na baadaye nikakasirika kwa kufurahi.


Jumamosi, 8 Novemba

Mkia wa Mbweha unapauka. Nimetia kiganja cha mbolea ya chai, ile ya gunia kutoka kiwandani. Mmea wowote ukipauka unataka chakula.


Jumanne, 11 Novemba

Mvua imebomoa daraja la miti. Chai yetu imelala kibandani mpaka ikachacha, lori la kiwanda halikufika. Nimeanza barua kali kwa bodi.


Jumatano, 12 Novemba

Maji ni ya kijani. Simwoni samaki hata mmoja.


Jumamosi, 15 Novemba

Leo sina haraka ya kulala, kwa hiyo niandike yote.

Maji yalikuwa kama supu ya mboga. Samaki wadogo walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakimeza hewa. Sita walikuwa wamelala ubavu. Utepe ulikuwa umefunikwa na kitu cha kijani chenye utelezi, ukiuvuta unakatika mkononi. Mkia wa Mbweha umepukutika wote, umebaki vijiti. Jani Gumu peke yake limesimama juu ya mzizi wake, chafu lakini zima.

Cheptoo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingiza mkono. Aliwatoa wale sita mmoja mmoja akawaweka kwenye sahani, kama mtu anayepanga vijiko. Kisha aliona gunia la mbolea karibu na mlango, limefunguliwa mdomo.

"Baba, umeweka hii?"

"Niliona majani yanapauka."

"Umeweka kiasi gani?"

Nikamwonyesha kiganja. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti karibu na yangu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kusomewa.

"Nikuulize kitu kimoja, lakini usinijibu kama gazeti. Ulitaka yafe?"

"Sikukusudia."

"Sikuuliza kama ulikusudia. Nimeuliza kama ulitaka."

Mimi nimebishana na wakaguzi wa shule, na wakurugenzi wa kiwanda, na mbunge mbele ya watu wake. Nikafungua mdomo. Nilimweleza kwamba mbolea ni chakula cha mmea, kwamba kosa kama hilo mkulima yeyote angelifanya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye kitalu cha miche," akasema, "mwaka ule nilipokusaidia, nilitaka kuweka hiyo mbolea. Ulinipiga mkono. Ulisema mche mchanga hauwekewi ya gunia, utaungua. Ulisema hivyo, Baba."

Nilisema hivyo. Ni kweli kabisa kwamba nilisema hivyo, na nimewaambia watu wengi.

Rebeccah alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Akachukua sahani ya samaki, akaenda nayo nje. Cheptoo akaondoka mvuani bila kunywa chai.

Nimejiuliza tangu alasiri. Nilipochota mbolea ile, nilikuwa nikifikiri nini? Nakumbuka ubaridi wa chembe zake kiganjani. Nakumbuka nilifikiri juu ya barua kwa bodi. Sikumbuki kufikiri, "Na yafe." Lakini pia sikumbuki kukikumbuka kitalu, na kitalu ni kitu nisichosahau hata nikiwa na homa. Mtu husahauje kitu kimoja tu, na siku hiyo tu?




Jumapili, 16 Novemba

Kipkemoi amekuja na furaha. "Basi yamekufa. Neno limetimia, umepona." Nikamwambia Jani Gumu ni zima, na Krismasi bado.

"Sasa uko upande gani, Johana?"

Nikamwambia sina upande. Nataka tu asiwepo mtu katika wilaya hii atakayesema nilishinda kwa wizi.


Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda kwenye mabwawa kumtafuta Bosire. Matope mpaka magotini. Alikuwa ndani ya maji, suruali imekunjwa, anavuta wavu na wakulima wawili. Aliponiona alitoka haraka, akapangusa mkono, akasita kunipa kwa kuwa bado ulikuwa na ute wa samaki. Nikauchukua.

"Cheptoo amekuambia," nikasema.

"Aliniambia maji yameharibika."

"Hakukuambia nani aliyaharibu?"

"Alisema mbolea." Akatazama bwawa. "Mzee, hata mimi nilishawahi kuua. Nilipoanza kazi nilitia samadi nyingi kwenye bwawa la mama mmoja, likabadilika usiku mmoja. Alinifukuza na jembe."

Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Kwa nini hawezi kukasirika mtu huyu? Nikamuuliza wazi, "Wewe hukasiriki?"

"Nakasirika sana," akasema. "Lakini wewe ni baba ya Cheptoo. Nikikasirika nawe, unafurahi."

Basi ananijua. Hilo lilinichanganya kuliko yote.

Tulichagua pamoja safari hii. Alinipeleka kwenye mfereji ambao maji ya bwawa hupitia, tukainama wote wawili. Nilitaka kuchukua yaliyokuwa makubwa na mazuri. Akasema hapana, makubwa yamezoea kwao, yatasusa. Chukua madogo yenye ncha mbichi. Hiyo ni kweli hata kwa chai, nikamwambia, na akasema hakujua. Kila shina alilitazama kwa chini ya majani akitafuta mayai ya konokono na ruba, akalisuuza kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Aliongeza aina moja mpya, yenye shina na majani mawili mawili kila kifundo, nimeiita Ngazi.

"Na mbolea?" nikauliza.

"Samaki watatia wenyewe."


Jumatano, 26 Novemba

Nimetoa maji yote, samaki waliobaki wakingoja ndooni, nimeosha mchanga kwenye karai mpaka mgongo ukalalamika, nimepanda upya Utepe na Ngazi. Jani Gumu nimelisugua jani kwa jani kwa kitambaa. Rebeccah aliniletea kiti bila kuombwa.


Jumatatu, 1 Desemba

Ngazi imeshika. Mvua.


Jumamosi, 6 Desemba

Ngazi inarefuka kwenda juu, nyembamba, ikitafuta dirisha, chini imebaki uchi. Bosire alisema isiguswe mpaka izoee. Nimeitazama siku nne. Sasa nimefanya kama ninavyofanya kwa chai changa: nimekata kila ncha kwa kucha, ili itoe matawi ubavuni na kutengeneza meza, yaani juu pawe sawa. Ncha nilizokata nimezichomeka mchangani.

Kama nimekosea, basi nimekosea kwa kujua.


Jumamosi, 13 Desemba

Kila ncha iliyokatwa imetoa mbili. Ncha za mchangani nazo zimesimama. Bosire alipiga magoti mbele ya kioo, akasema, "Mzee, hii sikujua." Nimetembea nyumba nzima bila sababu yoyote.

Jioni Kipkemoi akaleta perege wawili kwenye kopo. "Weka samaki wa ukweli humo, hao wako ni mbu."


Jumapili, 14 Desemba

Perege wamekula nusu ya Ngazi. Nimewatoa, Rebeccah amewakaanga, tumewala. Sijui kama kaka yangu alijua. Anaapa hakujua. Naamini kiapo chake kama ninavyoamini changu.


Jumamosi, 20 Desemba

Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, yanakwama, yanasukumwa na watu ambao yamekuja kuwadanganya. Bosire amekuja kuaga. Anampeleka mama yake, Mongina, kwao Kisii mpaka kura ipite. Baba yake amekataa kutoka.

"Kuna mtu amewatisha?" nikauliza.

"Hapana. Hata kura ile ya kwanza, kabla ya moto, hakuna mtu alitutisha."

Alinionyesha jinsi ya kupunguza Utepe, maana watoto wamekuwa wengi na wanaziba mwanga. Yeye akaondoka, mimi nikabaki na watoto wa Utepe mkononi, sijui niwatupe au niwapande wapi. Nimewaweka kwenye beseni la Rebeccah la kuoshea miguu. Atasema.


Alhamisi, 25 Desemba

Yako hai. Jani Gumu limetoa jani jipya, la kijani cha kung'aa, limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga. Ngazi imejaa tena.

Wakati wa chai Rebeccah aliweka kikombe mbele yangu, akasubiri. Cheptoo alikuwa akitazama dirishani kwa bidii. Nikasema, "Waambie wazee waje." Cheptoo alinishika bega.

Nimetimiza neno langu. Lakini nimelitimiza kama mtu anayelipa kodi. Ile sababu nisiyoijua bado iko, imekaa chini, na sasa naogopa zaidi kwamba naijua.


Jumatatu, 29 Desemba

Kura. Foleni, matope, masanduku yamechelewa. Nimebishana na msimamizi. Nimepiga kura.


Jumanne, 6 Januari 1998

Bosire amerudi. Aliketi pembeni ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mzee, baba amekataa."

"Amekataa nini?"

"Koito. Haji. Anasema hatachukua msichana wa huku."

Nikasimama. Nilimuuliza Mochama ni nani hata amkatae Cheptoo. Nilimuuliza binti yangu ana kasoro gani, kama ni elimu, kama ni sura, kama ni nidhamu. Nilisema huo ni ukabila mtupu, wa kizamani, na kwamba nitamwandikia... Hapo niliona Rebeccah akinitazama. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nadhani alikuwa akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Nikaketi.

"Baba yako yuko nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo?" nikauliza.


Jumamosi, 10 Januari

Kipkemoi: "Ilionekana wapi baba ya msichana kutembeza msichana kama mtu anauza kuku? Wao ndio wanakuja kwetu. Hata babu zetu watacheka."

Nikamwambia wacheke, wana nafasi.

Baada ya yeye kuondoka nilikata ncha za Ngazi. Zilihitaji, na mikono yangu pia ilihitaji kitu.


Jumamosi, 17 Januari

Nimerudi kutoka Fort Ternan. Nguo bado zimelowa, lakini niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Mochama ni mtu mfupi, mnene, unga umekaa kwenye nyusi zake. Anaishi kwenye nyumba ya mabati nyuma ya kinu. Mbele ya nyumba hiyo kuna msingi wa mawe wa nyumba nyingine, kubwa, ya vyumba vinne. Kuta hakuna, na ndani ya vyumba wamepanda sukuma wiki. Hakunikaribisha kwenye mabati. Aliweka viti viwili juu ya msingi, katikati ya sukuma wiki, mvua ikinyunyiza.

"Keti, Mwalimu. Hapa palikuwa sebule."

Nikaketi. Bosire alisimama kando. Mama yake, Mongina, ambaye alikuwa amesharudi, alikuwa akichuma mboga kwenye kile nilichodhani ni chumba cha kulala.

"Nasoma barua zako," Mochama akasema. "Ile ya ukabila nilisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimelala pale, chini ya nailoni. Umeandika vizuri sana."

Sikujua kama nishukuru.

"Haya, sema. Umetoka mbali."

Nikasema. Sijawahi kusema vizuri hivyo. Nilimwambia kwamba kukataa watoto ni kuwapa ushindi wale waliochoma. Nilimwambia kuhusu Cheptoo, ukali wake, uaminifu wake. Nilimsifu kijana wake kwa mambo ambayo sikujua kama nimeyaona: jinsi anavyopiga magoti mbele ya kitu asichokijua, jinsi anavyokasirika kimya. Hoja zote nilizozitafuta tangu Oktoba bila kuzipata, zilikuja mara tu nilipopata mtu wa kunikatalia. Nilijisikia nikiongea, nikashangaa kwamba mtu huyu anayeongea anataka ndoa hii kwa moyo wote.

Mochama alingoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa mimi niulize moja tu. Tuseme hawa wawili wamejenga huko kwenu. Wale watu wamerudi, si wewe, wale, na kati yao kuna mtu unamjua, pengine mmekula pamoja. Wamefika kwa njia yako. Wewe utasimama wapi?"

Jibu lilikuwepo. Nimeliandika mwaka wa tisini na tatu: nitasimama mlangoni. Ni sentensi nzuri, watu waliikata gazetini wakaiweka. Niliifungulia mdomo, haikutoka. Niliona uso wa Kipkemoi. Halafu nikaona kiganja changu na chembe zile za mbolea.

"Sijui," nikasema.

Mongina aliacha kuchuma.

"Hujui," Mochama akasema.

"Nilidhani najua. Lakini Novemba niliwaua samaki wa kijana wako, na mpaka leo sijui kama nilitaka."

Akamgeukia Bosire. "Aliua samaki?"

"Kwa mbolea ya chai, Baba."

"Ile ya gunia? Ya kiwanda?"

"Ya kiwanda."

Mochama alianza kucheka. Alicheka akashika goti, unga ukamdondoka kwenye nyusi, akajaribu kuacha, akashindwa. "Mongina, umesikia? Mwalimu mzima." Mongina naye aligeuza uso, mabega yakimtetemeka. Bosire hakujua atazame wapi. Mimi nilikaa pale kwenye sebule isiyo na kuta nikichekwa.

Alipotulia alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Sikiliza. Ungeniambia utasimama mlangoni, ningekuambia uende nyumbani. Hata yule jirani wangu wa hapo chini aliniambia hivyo, mwaka ule wa moto." Akatazama mboga. "Lakini siwezi kuwafunga watoto mpaka wewe ujue. Watazeeka. Tutakuja, mvua ikipungua. Lakini swali langu halijaondoka, umesikia? Ukipata jibu uniletee wewe mwenyewe, hapa. Usipeleke gazetini."


Jumapili, 18 Januari

Rebeccah ameuliza wamesemaje. Nimemwambia wanakuja. Akaimba mekoni, sauti ya chini, wimbo wa kanisa. Cheptoo amekwenda kumwambia kila mtu Kiptere, mvua na yote.

"Na wewe?" Rebeccah akaniuliza baadaye. "Umerudi na nini?"

"Nimerudi na swali."

Sikwenda kanisani. Nimeketi mezani asubuhi yote nikijaribu kulijibu. Nimeandika kurasa tatu. Zote zilikuwa na hoja nzuri, na mwisho mzuri, na kila sentensi ilikuwa imesimama imara.

Nimezichana zote tatu.